Simba wa Nyuma ya Kijiko

Watu wengine wakikaribishwa chai hushukuru, wakakoroga, wakanywa. Mimi hugeuza kijiko kwanza nikakiangalia mgongoni. Nimefanya hivyo kwenye matanga, nimefanya kwenye harusi, na nilifanya kwa mama mkwe wangu siku ya kwanza kabisa kuingia nyumbani kwake Njiru. Hadi leo anaamini nilikuwa natafuta uchafu, na hajanisamehe. Nilichokuta mgongoni mwa kijiko chake ni maandishi ya kiwandani ya kusema hicho ni chuma kisichoshika kutu, basi. Vijiko vya huku Eastlands, mitaa ya mashariki ya mji, karibu vyote husema hivyo au havisemi kitu.

Ugonjwa huo niliupata kazini. Kwa miaka sita nilifanya kazi kwenye duka la vyombo vya zamani pale Makadara, chumba kimoja chenye mlango wa chuma, hatua chache kutoka mahakamani. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, mwepesi wa kucheka, na kazi yake ilikuwa kununua vyombo kila nyumba kubwa ya upande ule mwingine wa mji ilipofungwa. Mzungu amezeeka amerudi kwao, au amekufa na watoto wake hawataki mabirika. Yeye alitaka mabirika. Wote tulimwita Bosi, naye alipenda kuitwa hivyo.

Niliajiriwa kusugua. Siku ya pili nikachukua waya wa kusugulia sufuria nikaanza kupambana na sinia moja iliyokuwa nyeusi ti, na nilikuwa najiona mfanyakazi kwelikweli, mpaka Bosi aliponidaka mkono. Akanionyesha mgongo wa ile sinia. Kulikuwa na vialama vitano vidogo kuliko punje ya mchele, na kimoja nilikuwa tayari nimekifuta nusu. Hakunifukuza. Alinipa kitambaa laini, dawa ya kung'arishia, na kilenzi cha kubana jichoni, akaniambia kabla sijasugua kitu chochote nisome kwanza.

Chombo cha fedha cha Waingereza hubeba barua yake mgongoni. Simba anayetembea ni kiapo kwamba fedha hiyo ni safi kwa kiwango cha sheria yao. Kichwa cha chui ni London, taji ni Sheffield, nanga ni Birmingham, ingawa mji huo hauna bahari na hakuna aliyewahi kunieleza nanga hiyo inatiwa wapi. Herufi moja peke yake ndiyo mwaka, lakini lazima uangalie na kisanduku kinachoizunguka, maana alfabeti ikiisha huanza tena ndani ya kisanduku cha umbo lingine. Kisha kuna herufi mbili za jina la fundi. Na kuna vyombo vyenye herufi nne, E, P, N na S, zimejipanga kwa heshima zote kama wageni waalikwa, na maana yake ni kwamba fedha ni ya juu juu tu, imepakwa.

Nilishika haraka kuliko Bosi alivyotarajia, na sababu yake ni baba yangu. Baba ni mchongaji. Alianza kwao Ukambani akiwa kijana, kisha akaja mjini akachonga kwenye karakana ya ushirika, na pale kila mchongaji alikuwa na nambari yake, anayoiandika chini ya kila twiga na kila kifaru ili ijulikane nani alipwe kikiuzwa. Tukiwa wadogo mchezo wangu ulikuwa kutafuta simba wa Baba rafuni bila kusoma nambari. Niliwajua kwa mgongo tu. Alikuwa na namna ya kuuteremsha mgongo wa simba kuelekea kiunoni, kidogo tu, kama mtu anayeketi baada ya kutembea sana, na wengine wote pale walishindwa kuiiga. Mimi nina jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe ananiita mwaitu, yaani mama yetu kwa Kikamba, na mimi nilikuwa natembea mtaani nikijiona mkubwa kwa sababu hiyo.

Bosi alimjua Baba kupitia kwangu. Mwaka fulani Baba aliugua kifua, naye akaja kumpa pole na mfuko wa machungwa. Wakati huo Baba alikuwa ameishiwa na kazi za maana. Watalii walikuwa wamepungua, muhugu, mti wake wa kuchongea, umekuwa shida kupatikana, na madukani walitaka vijiko vya saladi, mia moja vilivyofanana. Bosi aliona juu ya meza patasi zake ndogo, zile alizojitengenezea mwenyewe kwa misumari mikubwa na springi za gari, akizisaga kwa tupa, akizipasha moto na kuzizamisha kwenye mafuta ili ziwe ngumu.

"Hizi ulijitengenezea mwenyewe?" akamuuliza.

"Nitanunua wapi kama hizi?" Baba akajibu, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikamwona amekaa wima kitandani.

Walizungumza vyuma saa nzima. Mimi niliwapikia chai nikifurahi kwamba watu wangu wawili wameelewana. Leo nikiikumbuka furaha ile naona haya.

Baada ya miezi michache, bidhaa zetu zilibadilika. Zamani katika vyombo kumi, saba vilikuwa vya kupakwa na viwili havina alama yoyote. Sasa kila wiki nilipata kijiko, kisinia au kikombe chenye simba wake, mji wake, mwaka wake, kila kitu mahali pake. Nilimuuliza Bosi vinatoka wapi.

"Karen, kuna nyumba ingine imefungwa," akasema. "Wewe wacha maswali mingi, soma."

Nikasoma. Kwa kila chombo niliandika kadi ndogo: mji, mwaka, fundi, na chini yake jina langu kamili na saini. Bosi alisema wateja wananunua kadi kabla ya kununua birika, nami nilivimba kichwa, sikatai. Niliwahi kumuuliza kwa nini tusipime na tindikali kama masonara, akasema tindikali huacha doa kwenye kitu cha mteja, na jicho langu linatosha. Ni sifa tamu sana kuambiwa na mtu anayekulipa.

Kati ya wateja wetu nilimpenda mmoja, mzee aliyekuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu. Anaishi mwendo mfupi kutoka dukani. Alikuwa ameshika vielelezo vya kesi maisha yake yote, na kati ya vitu vya wizi alivyovitunza kabatini aliwahi kupenda seti moja ya vijiko vya fedha, akavikabidhi kwa mwenyewe huku roho ikimuuma. Alipostaafu akaanza kununua vyake, kimoja kimoja. Kila akija alivuta kiti, akaniomba nimfundishe alama moja. Aliniita binti yangu. Alinunua vinne katika vile vipya, vyote kwa kadi yangu.

Nilikuja kujua kwa bahati mbaya. Alasiri moja niliweka kijiko chenye nanga kando ya kisinia chenye taji, nikitaka tu kuvipiga picha pamoja. Kwa herufi zao vilikuwa vimepishana miaka sitini, na miji tofauti. Nilipoangalia kwa lenzi nikaona simba ni mmoja. Sisemi walifanana. Alikuwa na mkwaruzo ule ule kwenye sikio, ule ule, kwa hiyo ni chuma kimoja cha kupigia chapa kilichompiga kwenye vyote viwili.

Kisha nikaona mguu. Simba wa Waingereza hunyanyua mguu wa mbele hewani, na chini yake unaona nafasi tupu. Huyu alikuwa ameunyanyua kidogo kisha akaubana kwenye goti la mguu wa pili. Na mguu huo nilikuwa naujua tangu sijaanza shule. Ukichonga simba wa mti ukamwachia mguu hewani, nyuzi za mti zinapita kwa kukatiza, na mguu unavunjika kabla mtalii hajafika uwanja wa ndege. Kwa hiyo mchongaji huuacha umeshikana na wa pili. Baba aliwafinya wanafunzi wake masikio kwa kosa hilo, akiwaambia wasiache kitu kikining'inia. Chuma hakina nyuzi. Ungeweza kuuachia mguu hewani na usivunjike milele. Lakini mkono wake ulikuwa umekataa kufanya hivyo kwa miaka zaidi ya thelathini, na haukujua kwamba safari hii ulikuwa ukichonga simba wa chapa kwenye ncha ya msumari.

Nilikaa chini sakafuni nyuma ya kaunta. Nilitaka sana niwe nimekosea. Nikafungua picha kwenye simu, nikazikuza moja moja, nikapata vyombo kumi na kimoja, na katika kila kimoja yule simba amebana mguu, mgongo umeshuka kidogo kuelekea kiunoni. Sikuwa nimeuona mgongo huo kwa sababu sikuwa nautafuta pale. Nani angemtafuta babake nyuma ya kijiko cha Mwingereza?

Bosi hata hakukana. Alinitazama kama mtu aliyechoka na mtoto.

"Wewe uliona nini hapo? Simba, si ndio? Basi ni simba," akasema. Halafu akachukua kadi moja akaigonga kwa ukucha. "Na hili jina hapa ni la nani? Ni langu?"

Nilichukua mkoba wangu nikatoka. Hakunifuata.

Jumapili yake, baada ya ibada, nilikwenda kwa Baba. Bado anakaa kwenye nyumba ile ile ya kaunti tulimozaliwa, na alikuwa barazani akinoa patasi. Sikumsalimu. Nilimuuliza, wale simba kwenye vijiko ni wako?

Nilitegemea akatae, au ashtuke, au aseme Bosi alimdanganya. Uso wake ukachangamka.

"Umeona?" akasema. "Nilijua tu utaona, mwaitu. Lakini imekuchukua mda."

Akacheka. Nimepigiwa kelele na kutukanwa katika maisha yangu, lakini kicheko kile ndicho kilichonikata maini. Nilimwambia mimi ndiye niliyekuwa nasaini. Nilimuuliza kama alijua hilo.

"Nilijua. Ndio maana nilifanya polepole, safi. Ningefanya ovyo ungeshikwa. Hiyo kazi yote nimefanya vizuri juu yako."

Alisema kwa upole kabisa, akiamini kila neno. Baba alikuwa amekaa na msumari wa inchi sita na lenzi, akifikiria jicho langu, akijua ninaanzia wapi kuangalia na kuishia wapi, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha kuangalia, kisha akatengeneza kitu cha kulipita jicho hilo. Wengine wote waliodanganywa hawakuwa shabaha yake. Mimi ndiye niliyekuwa mlango wa kupitia. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, majirani wakapunguza redio ili wasikie vizuri, na sikujali.

Aliniacha nikamaliza. Halafu akasema kitu ambacho kimekataa kunitoka. "Miaka kumi hakuna mtu ameniitisha kitu ngumu. Vijiko za saladi tu. Yule mama alikuja akaniuliza kama naweza, na mimi nilitaka kujua kama naweza."

Nilimwonea huruma, na hilo liliniudhi zaidi.

"Sasa ulijuaje?" akauliza.

"Mguu," nikasema.

"Mguu gani?"

Na mimi mjinga, kwa hasira na kwa kutaka ajue kwamba sikudanganyika kabisa, nikachana ukurasa wa kalenda uliokuwa umening'inia mlangoni, nikamchorea. Nikamwonyesha mguu wa simba wa kweli unavyokaa, kucha zinavyoelekea chini, nafasi inavyoonekana pale. Nilimwambia kila mtoto anayejua fedha angeona kosa hilo. Alitazama kwa muda mrefu, akakunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati.

"Sitafanya tena," akasema.

Nilimwamini. Karatasi nayo nilidhani ameiweka kama mtu anavyoweka barua ya aibu yake.

Sikurudi dukani. Nilipata kazi Kayole, kwenye duka la kupiga chapa karibu na Spine Road, naandika kadi za harusi na programu za mazishi, na hakuna anayeniuliza kama yaliyoandikwa ni ya kweli. Kwa yule mzee karani sikusema kitu. Nilijiambia ninamlinda Baba, mzee wa kifua kibovu, asije akalala seli. Ilikuwa kweli, lakini pia nilikuwa najilinda mimi, kwa sababu jina kwenye kadi zile nne halikuwa la Baba. Mara mbili nilimwona mzee kwenye Jogoo Road akija upande wangu, nikavuka barabara.

Ilipita kama miezi minane, kisha yule karani akanipigia simu. Alikuwa amepata bakuli la sukari pale dukani, lakini kadi waliyompa haikuwa na saini ya mtu.

"Mimi kitu kisicho na saini sikipokei, binti yangu," akasema. "Njoo uniangalizie. Sitaki jicho lingine."

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Mkewe alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani, na juu yake mzee amepanga vyombo vyake vyote kwa mstari, kadi zangu zimesimama mbele ya kila kimoja. Chai ilikuwa tayari. Nilikaa, nikatia lenzi jichoni, na kabla hata sijaligeuza lile bakuli nilikuwa nimeshalitambua. Lilikuwa na miguu mitatu, mmoja umewahi kuchomelewa kwa risasi ya kulehemu yenye rangi tofauti, na ukingo ulibonyea upande mmoja. Nililisugua mwenyewe mwaka wangu wa mwisho dukani. Tako lake lilikuwa tupu kabisa wakati ule.

Sasa lilikuwa na alama nne. Nikamwangalia simba. Mguu ulikuwa juu, wazi, kucha zimeelekea chini, na chini yake nafasi safi. Ulikuwa mguu mzuri. Naungama kwamba kwa muda mfupi, kabla ya kuumia, nilifikiri: ameweza.

Halafu nikaona mkia. Simba wa Waingereza mkia wake hupanda juu na kujikunja juu ya mgongo. Huyu mkia ulikuwa umeteremka nyuma ya miguu. Siku ile barazani karatasi ya kalenda iliniishia kwa juu, pale penye picha, nikaukunjia mkia chini ili utoshee, maana tulikuwa tunabishania mguu na sikuona haja ya kuhangaika na mkia. Baba aliunakili vile vile. Hakurekebisha hata unywele mmoja. Yeye hakuwa na sababu ya kunishuku.

Nilitoa lenzi. Macho yalikuwa yananiwasha na nilisingizia mvuke wa chai. Mzee alikuwa ameinama karibu, miwani imeteremka puani, anasubiri.

"Simba anatembea vizuri, sivyo?" akasema. "Nimemwangalia kama ulivyonifundisha. Nataka wajukuu wagawane hivi vyote nikiwa bado hai, kila mmoja na kadi yake."

Ingekuwa rahisi. Neno moja, kalamu ilikuwa pale pale kando ya kisahani, na Baba angelala usingizi wake, na mimi ningevuka barabara maisha yangu yote yaliyobaki.

"Si la kweli, Mzee," nikasema. "Na vile vinne vya mwisho vyenye jina langu pia si vya kweli."

Mkewe aliweka birika chini. Mzee hakupandisha sauti. Alitazama bakuli, akatazama kadi, akanitazama mimi.

"Umejuaje? Simba yuko sawasawa."

"Simba huyo nilimchora mimi."

Mzee akasogeza kikombe chake pembeni, akavuta daftari kutoka droo ya meza, akalifungua ukurasa mweupe na kuandika tarehe juu, taratibu, kwa mwandiko ule wa makarani wa zamani. Nilijua ananipa nafasi ya kunyamaza kama nataka. Baadaye akainua kalamu.

"Wewe ulimchora," akasema. "Aliyemchonga ni nani?"

Nikamtajia Baba, majina yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho, na nikamsubiri amalize kuandika.